Kolibri wa La Selva, Costa Rica: nisahihishieni maelezo ya picha kabla hayajapigwa chapa

Mpanga_Bango

Wakuu, habari za leo. Nina picha sita za ndege wa msituni Costa Rica, zimepigwa kituo cha utafiti cha La Selva, Sarapiquí. Jina la kisayansi nililopewa ni Phaethornis longirostris. Zinaingia kwenye bango la wanafunzi wa sekondari, na kila picha inatakiwa iwe na sentensi mbili tatu za Kiswahili. Rasimu yangu hii hapa:

Picha 1 (ndege yuko hewani mbele ya ua jekundu): "Chozi mwenye mdomo mrefu wa Amerika ya Kati. Hunyonya asali ya maua kwa ulimi ulio kama mrija."

Picha 2 (kichwa kwa karibu): "Mdomo wake umepinda kama mundu. Vidoa vyeupe kwenye tundu za pua ni chavua."

Picha 3 (ametua kijitini, mkia umeinuka): "Dume akiimba. Ndege huyu huishi peke yake, ndiyo maana akaitwa mpweke."

Picha 4 (kiota chini ya jani): "Dume na jike hujenga kiota pamoja. Mama amepinda shingo kwa nyuma, huenda anaumwa."

Picha 5 (ndege wa kijani, mdomo mfupi mwekundu, katikati ya helikonia nyingi, mimea yenye majani kama ya mgomba): "Kinda la ndege huyohuyo, mdomo bado haujarefuka."

Picha 6 (chupa imening'inizwa barazani): "Wenyeji huwawekea maji ya asali yaliyotiwa rangi nyekundu."

Nisahihishieni bila huruma. Bango likishatoka kiwandani halirudi.

Kurumbiza77

Mkuu, umetuambia bila huruma, basi tuanze na neno la kwanza kabisa. Huyo si chozi, ni kolibri.

Chozi ni wa huku kwetu, Afrika, na Asia mpaka Australia. Kinasaba yuko upande mmoja na shomoro, kwera na kunguru. Kolibri jamaa zake wa karibu ni teleka, wale weusi wenye mabawa kama upinde wanaokula wadudu angani na ambao watu wengi huwachanganya na mbayuwayu. Kolibri wako zaidi ya spishi 350, na wote bila kumbakiza hata mmoja wanaishi Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Wanafanana na chozi kwa sababu ya kazi: koo mbili zisizo na undugu zimeingia kwenye biashara moja ya maua, zikaishia na vifaa vya namna moja. (Kuna jambo la kushangaza hapa. Mwaka 2004 yalielezwa mabaki ya kolibri wa kale yaliyochimbwa Ujerumani, ya zaidi ya miaka milioni 30. Kwa hiyo hata Ulaya waliwahi kuwepo, kisha wakatoweka.)

Kwa macho utawatofautisha hivi. Chozi akifika kwenye ua hutafuta pa kutua, kijiti au shina la ua lenyewe, ndipo anywe. Anaweza kuelea kidogo, lakini hadumu hewani. Kolibri hasumbuki kutafuta kitawi, kwa kuwa bawa lake huzunguka kwenye bega. Likishuka linamwinua, likirudi juu linageuka kifudifudi na kumwinua tena. Ndiyo maana anasimama hewani kama amefungwa uzi, na anaweza hata kurudi nyumanyuma akichomoa mdomo.

Kwenye bango weka onyo dogo, litasaidia: anayedai kumwona kolibri kwenye bustani ya Arusha au Nairobi, kwa kawaida kaona nondo. Wapo nondo wanaoruka mchana, wanaovuma mbele ya ua na kunywa kwa mrija mrefu. Mtazame kichwani. Akiwa na vipapasio viwili, huyo ni mdudu.

Kuhusu jina, wengi huandika "ndege mvumaji", nalo si baya. Mimi napenda "kolibri", maana hata nondo niliyemtaja anavuma. Kundi la Phaethornis kwa Kihispania huitwa ermitaño, yaani mtawa akaaye peke yake. "Kolibri mpweke mdomo-mrefu" inatosha. Usishangae tu ukikuta vitabu vya zamani vimemwita Phaethornis superciliosus. Baadaye waligawanywa, na jina hilo likabaki kwa ndugu yake wa upande wa Amazon na Guyana.

Sura yake uiseme, maana hana rangi za kung'aa ambazo watu hutarajia kwa kolibri. Mgongo ni kahawia yenye ukijani, tumbo la kijivu cha udongo, usoni ana barakoa nyeusi iliyopakana na mistari miwili ya rangi ya maziwa ya chai. Manyoya mawili ya katikati ya mkia yamechomoza marefu, ncha nyeupe. Uzito gramu 6 hivi. Kijiko cha chai cha sukari kilichofura kinakaribia hapo.

Teleka_Mweusi

Kurumbiza kamaliza ukoo. Mimi nashika chakula, yaani picha 1, 2 na 5.

Kwanza, "asali" ifute. Asali hutengenezwa na nyuki. Kilichomo ndani ya ua ni mbochi, au nekta ukipenda, na kwa maua ya kolibri mbochi ni mwepesi: sukari mara nyingi ni kama robo ya uzito wake au pungufu.

Pili, "mrija" nao ufute. Hilo ni kosa la vitabu vya tangu karne ya 19, walipodhani mbochi hupanda wenyewe kwenye ulimi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mwaka 2011 Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega walionyesha kwa video za kasi kubwa kwamba ncha ya ulimi imepasuka mara mbili, na kila upande una nyuzinyuzi pembeni. Ulimi ukizama kwenye mbochi nyuzi zinafunguka. Ukivutwa nje zinajikunja na kufungia tone ndani. Mwaka 2015 wakaongeza kipande cha pili: sehemu ya nyuma ya ulimi ina mifereji, mdomo huibana ikawa bapa wakati ulimi unatoka, nayo ikigusa mbochi inafura kurudi umbo lake na kuvuta maji ndani. Ni pampu. Andika "hunasa na kupampu mbochi kwa ulimi uliopasuka ncha", imetosha.

Sasa kuna kitu rasimu yako haijakigusa kabisa, nacho ndicho kinachomfanya ndege huyu awe alivyo. Halindi maua. Anayazungukia. Mfikirie mgema: ana minazi yake, huu hapa, ule kule ng'ambo ya kijito, anajua upi umeshatona kiasi cha kupandiwa na upi bado. Kolibri mpweke anafanya vivyo hivyo msituni, ua moja hapa, mawili mbele, kisha anarudi njia ileile baada ya mbochi kujaa tena.

Sababu iko kwenye mmea. Helikonia za chini ya msitu, kama Heliconia pogonantha, hutoa maua kidogo kidogo. Yale "makasha" mekundu unayoyaona si maua, ni majani yaliyogeuka. Ua la kweli ni kile kimrija cha njano kinachochungulia ndani ya kasha, nacho hufunguka alfajiri na kwisha siku hiyohiyo. Mmea mmoja leo una maua mawili matatu tu. Nani atakaa kulinda kisima cha vikombe viwili? Kimrija chenyewe ni kirefu na kimepinda, kwa hiyo mwenye mdomo mfupi hafiki chini. Ua limeuza kwa mteja mmoja.

Hapo ndipo picha 5 inapoanguka. Yule si kinda. Ni Amazilia tzacatl, kolibri mwingine kabisa: mgongo wa kijani, mkia mwekundu wa kutu, mdomo ulionyooka wenye wekundu na ncha nyeusi. Ametokea katikati ya helikonia nyingi kwa sababu yeye ni mlinzi. Aina kama H. latispatha na H. imbricata huota kwa wingi sehemu zenye mwanga, zina maua mafupi, na kichaka kimoja kinamtosha kwa siku nzima, basi anakaa juu na kumfukuza kila ajaye. Kinda wa mpweke akishatoka kiotani ana barakoa na mdomo uliopinda kama mama yake. Picha itoe, au iweke kando ya picha 1 kama mfano wa mfumo wa pili.

Mpweke pia hunywa kwenye mimea ya Costus na kwenye pasheni mwitu wa maua mekundu, Passiflora vitifolia. Utaona chavua imempaka sehemu tofauti, utosini, kidevuni au kwenye mdomo wenyewe, kutegemea aina ya ua. Helikonia zinazochanua msimu mmoja zinamtumia ndege yuleyule bila kuchanganya sana chavua zao, kila moja imejipatia mahali pake pa kupakia mzigo.

Na mbochi ni sukari karibu tupu. Protini anaipata kwa buibui na vidudu anavyovidonoa chini ya majani na kwenye tando, akiwa hewani vilevile.

Mwisho, picha 2. Nimeikuza. Chavua haikai hivyo. Chavua hupaka kama vumbi kwenye mdomo na manyoya. Vidoa vyako vimo ndani ya tundu la pua na kimoja kina miguu. Ni utitiri. Si wa kunyonya damu kama ule wa kuku, huyu ni abiria. Anaishi ndani ya maua, anakunywa mbochi na kula chavua, na ua likikaribia kufa anahitaji usafiri. Anapanda puani mwa kolibri. Ndege akiingiza mdomo kwenye ua lingine, utitiri una sekunde chache tu za kunusa, kuamua kama hicho ndicho kituo chake, kisha kukimbia kwenye mdomo na kushuka. Akishuka ua lisilo lake hatawakuta wa aina yake wa kuzaana nao. Mtafiti Robert Colwell ndiye aliyewafuatilia kwa miaka mingi. Ukipenda sentensi moja ya kuwafanya wanafunzi wasimame mbele ya bango, ni hiyo.

Mkulima_wa_Maua

Naongeza kidogo kwa Teleka. Lipo jaribio lililochapishwa 2015 la kituo cha Las Cruces, Costa Rica kusini, kwa helikonia iitwayo H. tortuosa. Walipoyapaka maua chavua kwa mkono tu, mirija ya chavua ilichipua kwa shida. Maua yalipotembelewa na kolibri wenye midomo mirefu iliyopinda ikachipua vizuri. Walipovuta mbochi wote kwa kifaa, bila ndege, nayo ikachipua. Yaani ua linamtambua mteja kwa namna anavyokomba kikombe mpaka chini. Ila ndege wa kule alikuwa Phaethornis guy na mwenzake mkubwa wa zambarau, si huyu wa picha. Usiyahamishie La Selva.

Kuhusu kiota, nilivyojua mimi dume na jike hulea pamoja. Au?

BintiUsambara

Hapana ndugu yangu, hayo ni ya chozi. Kwa chozi wengi dume husaidia kulisha makinda. Kwa kolibri huyu dume akishapanda kazi yake imekwisha, hata kiota hakijui kiliko. Kujenga, kuatamia na kulisha ni kwa jike peke yake. Kwa hiyo picha 4, sentensi ya kwanza inakwenda.

Ya pili pia inakwenda. Mama haumwi. Tazameni kiota kilivyofungwa. Jike huchagua jani refu linaloning'inia, mara nyingi ukuti wa mchikichi mdogo wa chini ya msitu, au jani la helikonia. Anafunga kiota upande wa chini, karibu kabisa na ncha. Ukuta mmoja wa kiota ni jani lenyewe. Sasa kikombe kikiwa kimebandikwa ukutani namna hiyo, anayekalia anaangalia wapi? Anaangalia ukuta. Mdomo wa sentimita 4 hivi hauna pa kwenda, basi anakirusha kichwa nyuma mpaka mdomo unaelekea juu, na mkia nao unapanda upande wa pili. Anakuwa kama herufi U. Ndivyo wanavyoatamia wengi wa jamii hii.

Kamba ni utando wa buibui. Anaanza kwa kuruka akizunguka ncha ya ukuti huku utando uko mdomoni, anauviringisha kama unavyofunga uzi kwenye ncha ya kamba isifumuke. Utando unanata na unavutika, hilo ndilo muhimu, kwa sababu makinda wakikua kiota hutanuka pamoja nao. Juu ya utando anabandika nyuzi za mimea na vijizizi. Chini anaacha mkia wa takataka unaoning'inia. Huo mkia ni uzito wa kusawazisha, kwani mzigo wote uko upande mmoja na bila kitu cha kuvuta chini kikombe kingeinamia nje na kumwaga mayai. Wanafunzi waonyeshwe huo mkia, maana kwenye picha unaonekana kama uchafu uliosahaulika.

Jani linafanya kazi mbili zaidi. Ni paa: La Selva hupata mvua ya karibu milimita 4,000 kwa mwaka, na maji huteleza juu ya jani yakadondokea nchani. Pia ni kengele. Nyoka au tumbili akikanyaga shina, jani lote hutikisika na mama anaruka mapema.

Mayai ni mawili, meupe, marefu kama punje za maharage. Huatamiwa siku 17 au 18, kisha makinda hukaa kiotani wiki tatu na siku kadhaa. Kinachoharibu viota zaidi ni kuliwa. Kiota kilichopigwa picha kikakatiwa majani ya jirani "ili mwanga uingie" huwa kimeshatangazwa kwa kila mwenye njaa, na jua la adhuhuri likikipiga moja kwa moja mayai huiva. Kama picha yako ilipigwa hivyo, usiitumie.

Mkiwalinganisha na chozi, kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia kwenye kitawi, mlango ubavuni, nacho kimeshonwa kwa utando wa buibui. Kamba ni ileile.

Kurumbiza77

Nabaki na picha 3, na hii ndiyo inayonifurahisha. Jina la mpweke limemsingizia. Dume huyo hayuko peke yake. Kamera tu ndiyo imemkata wenzake.

Madume hukusanyika kwenye uwanja wa kutamba. Kila mmoja ana eneo lake dogo na vijiti vyake vya kuimbia, kimo cha mita moja hivi kutoka chini, ndani ya kichaka kizito, mara nyingi karibu na kijito. Uwanja mmoja unaweza kuwa na madume hadi 25. Hakuna maua ya maana pale, hakuna kiota, hakuna chakula cha kumgawia jike. Kuna sauti na kutamba tu. Jike anakuja, anachagua, anapandwa, anaondoka. F. Gary Stiles na Larry Wolf walitoa utafiti mkubwa wa viwanja vya La Selva mwaka 1979, na viwanja hivi hudumu mahali palepale miaka na miaka ingawa madume wenyewe hufa na kupokezana. Kwa mwaka msimu wa kutamba ni karibu miezi minane.

Wimbo ni noti moja. Anairudia takriban kila sekunde, huku mkia ukipanda na kushuka kwa mapigo hayohayo. Ndiyo sababu kwenye picha yako ncha nyeupe za mkia zimefifia wakati kichwa kimetulia. Kila dume ana wimbo wa aina moja, na majirani wa upande mmoja wa uwanja huimba aina ileile, wale wa upande wa pili aina nyingine. Kama lafudhi za mitaa. Mwaka 2013 Marcelo Araya-Salas na Timothy Wright walionyesha kwamba dume mzima anaweza kuacha wimbo wake na kujifunza mwingine. Kwa ndege, wanaojulikana sana kwa kujifunza sauti ni makundi matatu: ndege waimbaji, kasuku na kolibri.

Na mdomo. Umeandika "umepinda kama mundu". Mundu waachie Eutoxeres aquila, yuko Costa Rica pia, mdomo wake umejikunja sana kuelekea chini na hunywa akiwa amejishikiza kwenye ua. Huyu wako mdomo una mpindo wa upole, kama wa upanga. Tena upanga hasa. Mwaka 2015 Rico-Guevara na Araya-Salas walipima midomo ya La Selva wakakuta madume wazima wana ncha ndefu, kali na iliyonyooka zaidi kuliko ya majike. Madume wachanga hawana. Ncha hiyo inaota dume anapofikia umri wa kugombea kijiti. Wanachomana nayo kooni, na wenye ncha ndefu na kali ndio walioshika maeneo. Kwa hiyo ile habari kwamba mdomo wote umechongwa na ua ni nusu tu: ua limeupa urefu na mpindo, ugomvi wa madume umeutia makali.

Picha 2 ikuzwe kwenye ncha. Naona kisindano kinachochomoza mbele. Ukiniruhusu kubahatisha, ni dume mzima.

Kuna nyongeza ya 2018 inayofunga na mgema wa Teleka. Watafiti waliweka vyakula vya sukari uwanjani kuona dume gani hukumbuka kilipo chenye mbochi wa kweli. Wenye kumbukumbu nzuri ya mahali walikuwa na nafasi kubwa ya kumiliki eneo, sambamba na ukubwa wa mwili na makali ya mdomo. Inaingia akilini: anayejua njia ya maua anajaza tumbo haraka na kurudi kijitini, na kijiti kisicho na mtu hakikai wazi.

Mpanga_Bango

Nimeishiwa maneno, wakuu. Nimeiandika upya karibu yote. Yamebaki mawili. Picha 6, je, maji ya asali yanafaa au la? Na ya 3, mpiga picha yuko tayari kurudi. Anauliza kama anaweza kupiga sauti ya wimbo kwa simu ili dume asogee.

Fundi_Lenzi

Asali hapana. Ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu unaodhuru ulimi na koo la ndege. Sukari guru na ya kahawia nazo hapana, zina madini ya chuma kuliko anavyohitaji. Sukari nyeupe ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Kwa lita moja ya maji ni mililita 250 za sukari, ipime kwa kikombe kilekile, usikadirie kwa jicho. Koroga kwenye maji ya moto, yapoe, ndipo utie chupani. Rangi haina kazi. Kama chupa ina kifuniko chekundu ndege ameshaona. Kwa joto la bondeni kama Sarapiquí badilisha kila siku, siku mbili ni mwisho. Ukiona maji yameanza ukungu kama ya mchele, umechelewa. Osha kwa maji ya moto na brashi, suuza mpaka sabuni iishe kabisa. Ining'inize kivulini, na juu ya ndoano weka kikombe kidogo cha maji, sisimizi hawatavuka.

Ila kwa bango lako jua hili: chupa barazani ni ya walinzi kama yule wa picha 5. Mpweke hupita mara mojamoja na hufukuzwa. Picha 6 inamhusu nani hasa? Naona mkia wa kutu.

Sauti ya simu asiipige. Dume akisikia mgeni ndani ya eneo lake anaacha kijiti na kutafuta wa kumchoma. Kila dakika anayohangaika haimbi, na jirani anaweza kuingia. Tena picha inaharibika, maana umempoteza kwenye kijiti ulichokuwa umeshakilenga. Hamna haja. Anarudi kijiti kilekile. Atafute kwa sikio, asimame mita tano au zaidi, aweke kamera kwenye stendi na asubiri. Mwanga wa chini ya msitu ni hafifu, aanze na ISO 3200 na kasi ya 1/250, apige mfululizo. Mkia utafifia kwenye nyingi; ipo nukta ukifika juu husimama kidogo, hiyo ndiyo picha. Akitaka mkia ufifie makusudi ili wanafunzi waone unatikiswa, ashuke 1/60.

Lenzi ikitoka chumba chenye kiyoyozi itapiga ukungu papo hapo. Aiache nje kwenye begi nusu saa kabla ya alfajiri.

Mpanga_Bango

Nimeelewa. 5 na 6 nazitoa. Nafasi ya 5 naweka picha nyingine ya kiota, iliyopigwa kutoka mbali zaidi, jani zima linaonekana, hakuna kilichokatwa pembeni.

BintiUsambara

Vizuri, ila ukiipunguza ukubwa usikate ncha ya ukuti wala ule mkia wa takataka. Vikikosekana hivyo viwili, kiota kitaonekana kimegundishwa hewani na maelezo yako yote ya kamba na uzito hayatakuwa na cha kuelekeza kidole.